Daraja la Pili

Vijiko vinne. Baba hakuwahi kunywa chai
yenye vijiko pungufu ya vinne,
na cha tano alikilamba kikavu
akidhani hatumwoni.
Kisha daktari akaandika kwa kalamu nyekundu,
na mimi, Aikande, kitinda mimba wake,
nikarithi birika pamoja na ugomvi.

Miaka thelathini na moja alionja kahawa ya wenzake
kwenye ghala la ushirika, Moshi, karibu na reli:
alivuta kijiko kwa kelele, akatema,
akatamka daraja, karani akaandika.
Nyumbani kahawa haikuingia.
Kahawa ni ya kuuza, alisema, chai ni ya kunywa.
Sasa ulimi ule umerudi kazini
na anayekaguliwa ni mimi.

Jumatatu, mchaichai wa ukingoni mwa bustani.
Niliukunja fundo kama kamba ya mbuzi,
nikauchemsha hadi dirisha la jiko likatoka jasho.
Akavuta. Akashika shavu.
"Daraja la tatu. Sabuni ya wageni."

Tangawizi ya Mbuyuni niliitwanga na maganda yake,
karafuu tatu, pilipili manga nne;
koo langu lilifunguka kama lango la shule saa nane.
"Hii," akasema, "mpelekee mwenye jino bovu."

Choya niliiloweka usiku kucha.
Aliitazama, hakuigusa.
"Chai haivai joho la askofu."

Mdalasini aliusifu.
Aliusifu kwa sauti kubwa mno.
Nikainua mto wake: soksi,
na ndani ya soksi, sukari.
Sikusema neno. Niliwamwagia sisimizi,
nikakaa kizingitini, nikalia kidogo,
wala si kwa ajili ya sukari.

"Wewe unachemsha kama unayefua,"
aliniambia Mama Nambike juu ya ua.
Akanyoosha kidole chini ya bomba letu
ambako mnanaa umejiotea ndani ya beseni lililopasuka,
umevuka ukingo, umeingia kwake bila hodi.
"Chuma umande haujaondoka.
Ncha tu. Yapige majani kofi moja kiganjani, yaamke.
Maji yakitokota, zima moto.
Zima kwanza, unanisikia? Ndipo uyatie,
ufunike, uondoe mkono,
na usichungulie."

Nilifunika kwa sahani; kifuniko kilipotea Krismasi.
Julai, ukungu umeketi juu ya Pasua,
mlima hatujauona wiki ya pili,
na redio ya jirani inasoma matangazo ya vifo:
jina, ukoo, maziko saa nane,
jina, ukoo.
Nilingoja majina matano.
Kisha nikainua sahani, na mvuke ukanipanda usoni
mbichi, kama mtu aliyetoka kuoga.
Tone la ndimu. Basi.

Baba alivuta kwa kelele yake ya ghalani.
Hakutema.
Alinyamaza hadi kikombe kikaacha kufuka.
Ndani yangu karani alikuwa ameinua kalamu.
"Mama yako," alianza,
akaacha.
Akakisukuma kikombe upande wangu. Kitupu.

Kesho yake nilimkuta bombani,
koti la mvua juu ya nguo za kulalia,
akiumwagia mnanaa maji aliyosuuzia birika
na kumfokea kuku wa Mama Nambike.
"Daraja la pili," alisema bila kugeuka.
"Jana birika hukulisuuza vizuri.
Lilikuwa bado linanukia karafuu."